Uvumbuzi na Ugunduzi: Istilahi za Haki za Watafiti

Wasemaji wengi wa Kiswahili huyatumia maneno uvumbuzi na ugunduzi kana kwamba ni pacha. Katika mazungumzo ya kawaida hapana madhara. Lakini kwa mtafiti wa chuo kikuu, tofauti ya maneno hayo yaweza kuamua kama kazi yake italindwa na sheria ama la. Tunakusudia kuieleza tofauti hiyo kwa mifano ya Morogoro, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya milima ya Uluguru.

Ugunduzi ni kutambua jambo lililokuwapo lakini halijajulikana. Mtafiti akikuta Uluguru mmea usiopata kuelezwa na mtaalamu yeyote, amegundua, hakuuumba yeye. Uvumbuzi ni kubuni suluhisho jipya la tatizo la kiufundi. Tuchukue panya buku ambao shirika la APOPO, likishirikiana na chuo hicho, limewafunza tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Pua ya panya ni kazi ya maumbile. Lakini mtu akiunda chombo kipya cha kumfunzia, huo ni uvumbuzi.

Hataza ni haki itolewayo na serikali kwa muda maalumu, ili mvumbuzi aweze kuwazuia wengine kuutengeneza, kuutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Naye hutakiwa kuueleza waziwazi. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 haikubali ugunduzi, nadharia za kisayansi, wala aina za mimea na wanyama.

Hakimiliki ni haki nyingine: hulinda maandishi, si wazo lililomo. Hapa pana mtego. Mtafiti akichapisha makala kabla ya kuomba hataza, makala hiyo hulindwa, lakini uvumbuzi waweza kupoteza sharti la upya. Katika nchi nyingi za Ulaya hali ndiyo hiyo. Basi ombi litangulie, makala yafuate.

Zimebaki mbegu. Chuo hicho kimetoa aina za maharage, mojawapo ikiitwa SUA 90. Leo aina mpya ya mmea hulindwa kwa sheria yake, iliyotungwa mwaka 2012, mradi iwe mpya, bainifu, yenye kufanana na isiyobadilika. Lakini kwa Kiswahili haki hiyo imezoeleka kuitwa ya "wagunduzi" wa mbegu. Ni kweli kwamba sheria humtambua pia aliyegundua mmea, ila kwa sharti kwamba ameuendeleza. Aliyechavusha na kuchagua msimu baada ya msimu hakuokota mbegu yake njiani. "Mzalishaji" nalo halifai, kwa kuwa ni jina la mkulima anayeongeza wingi wa mbegu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) mgunduzi: aliyetambua kilichokuwapo;
(b) mvumbuzi: mwenye kustahili kuomba hataza;
(c) mbunifu wa mbegu: aliyeleta aina mpya ya mmea.

Msomaji mwenye neno bora kwa (c) atakuwa ameisaidia lugha na watafiti pia.