Kalsiamu na Geti la Seli

Ukitaja kalsiamu hapa Athi River, mtu atafikiria saruji, kwani mawe ya chokaa yanayotengenezea saruji yamejaa madini hayo. Mwingine atataja maziwa na mifupa. Hawajakosea. Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Je, hiyo kidogo inayobaki hufanya kazi gani? Hiyo ndiyo husaidia kuamua kama seli itaishi au itakufa.

Mwaka wa 1883 daktari Mwingereza, Sydney Ringer, alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kupiga ukiwa katika maji ya chumvi yenye kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikikosekana, moyo hunyamaza.

Mbona iwe hivyo? Chukua mfano wa geti la EPZ asubuhi. Nje kuna umati unaotafuta kibarua, na askari wamesimama wakiruhusu wachache tu. Seli nayo ni vivyo hivyo. Kalsiamu iliyo nje yake hushinda ile iliyo huru ndani kwa karibu mara 10,000. Geti likifunguliwa kidogo, kalsiamu huingia na habari: msuli, jikaze! Neva, peleka ujumbe! Hata kidole cha fundi anayeshona nguo hapo EPZ hakisogei bila habari hiyo. Kazi ikiisha, pampu za seli huitoa nje au kuirudisha ghalani mara moja.

Sasa hatari iko wapi? Pampu hizo hutumia nguvu. Damu isipofika kwenye ubongo, kama katika kiharusi, nguvu huisha, pampu husimama na umati wote hujimwaga ndani. Kalsiamu ikizidi na kukaa, huamsha vimeng'enya vinavyokatakata seli yenyewe. Mitokondria, ambazo ni kama jenereta za seli, hujaa hadi zikaharibika na kutoa amri ya kifo.

Tena kuna laghai mmoja: madini ya risasi. Haya hufanana na kalsiamu, basi hupita getini kama mtu mwenye kitambulisho bandia, yakavuruga habari, hasa katika ubongo wa mtoto. Jambo hili si hadithi ya Abunuwasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichokuwa chini ya mpango huu huu wa EPZ, kiliwaathiri wakazi kwa risasi hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka wa 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo.

Basi, ndugu msomaji, usipasue betri ya gari nyumbani, wala usiwaache wadogo zako wachezee mahali zinapopasuliwa. Tule pia maziwa, omena na sukuma wiki, maana mwili uliopata kalsiamu ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi. Wahenga hawakukosea waliposema tahadhari kabla ya hatari.

Mwanachama, Kidato cha 3