Nyumba ni Yangu, Kiwanja ni cha Nani?

Ndugu zetu wa vikundi, ukipita Malindi mjini usiku utamwona mtu amejikunja barazani mwa duka, hana pa kulala. Huyo kila mtu anamwona. Lakini hapa pwani kwetu kuna wengine wengi wenye nyumba, wenye watoto, wenye minazi mlangoni, na bado hawako mbali na hali hiyo. Siku mwenye ardhi akija na karatasi yake, nyumba itavunjwa. Basi leo tuelezane: serikali hufanya nini ili watu wasikose makao, na kikundi kina kazi gani hapo?

Tulifikaje hapa?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyedai ardhi alitakiwa ajitokeze aandikishe dai lake. Wengi wa Mijikenda hawakupata nafasi hiyo. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na nyingine ikaandikwa kwa majina ya watu wachache. Wajukuu wa wale walioachwa nje wanalima hata leo, lakini kwa karatasi wanaitwa maskwota.

Mjini nako tuna desturi ya nyumba bila ardhi. Mimi najenga, wewe ndiwe mwenye kiwanja, nami nakulipa kodi ya kiwanja. Ni mapatano mazuri mkielewana. Lakini ukifa, na watoto wako wakauza, mimi niende wapi?

Nani anafanya nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Tangu 2013 kazi imegawanywa. Serikali ya kaunti inashughulika na mipango ya miji, upimaji na nyumba. Serikali ya taifa ndiyo yenye kutoa hati na kuanzisha skimu za makazi. Hili tulijue, maana wengi huzungushwa bure. Ukidai hati kwa kaunti utarudishwa, na ukienda kwa msajili wa ardhi kuuliza barabara ya mtaa utarudishwa vilevile.

Njia zinazotumika ni hizi:

1. Skimu ya makazi. Gede, Tezo-Roka na Ngerenya mnazijua. Serikali hutoa ardhi yake au hununua ya mtu, ikapimwa na kugawanywa. Kule Likoni, serikali ilinunua shamba la Waitiki, zaidi ya ekari 900, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Lakini wakazi walipoambiwa kwamba nao watalipia, malalamiko yakazuka. Funzo ni kuuliza mapema: ni bure au ni mkopo? Sheria inataka majina ya watakaopewa yachunguzwe na kamati ya kaunti ndogo, ambayo naibu kamishna wa kaunti yumo. Kwa hivyo aliyesahauliwa aanze kuuliza hapo, asingoje siku ya kugawa.

2. Kuboresha mtaa. Mwaka 2011 ulianza mradi wa KISIP wa kuboresha mitaa isiyo rasmi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wengine. Malindi ilikuwa katika miji 15 ya kwanza. Shabaha si kufukuza watu wakajengewe kwingine. Mtaa unapimwa ulivyo, barabara, maji na taa zinapangwa, na wakazi wanatafutiwa hati. Huenda ukuta wa mtu ukaguswa ili njia ipite. Ndiyo sababu mkutano wa ramani usiukose. Ramani ikishapitishwa, kuibadilisha ni kazi ngumu.

3. Kumiliki pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni huko Voi, wakazi walisaidiwa na baraza la mji na shirika la Kijerumani la GTZ. Waliogopa jambo moja: wakipewa hati kila mtu yake, maskini atauza kwa shida ya siku moja na kurudi kuwa skwota. Wakachagua ardhi iwe ya jamii nzima na nyumba iwe ya mtu. Anayehama anauza nyumba, ardhi haiuzi. Mpango huu haukuenea nchini, kwa sababu karatasi zake ni nyingi na huchukua muda. Hata hivyo ile hofu yao ni ya kweli hata kwetu. Hati ikikutoka kwa deni la matanga, umerudi ulikotoka.

Je, ukiletewa notisi?

Usikimbie, wala usipigane. Tangu 2016 sheria ya ardhi inasema mwenye shamba la binafsi lazima atoe notisi ya maandishi, si chini ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Notisi hiyo ieleze habari za kuondoa majengo na kuvuna mazao. Naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo nao wapewe. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuomba zuio. Miezi mitatu si mingi, basi tafuteni wakili au msaada wa kisheria juma lile lile.

Watu husema pia, "Nimekaa miaka 12, hapa ni pangu." Ni kweli sheria hiyo ipo, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi ilikataa hoja kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Lakini haiji yenyewe. Ni lazima mahakama iamue. Tena haihusu ardhi ya serikali, wala mtu aliyekaa kwa ruhusa au kwa kulipa kodi ya kiwanja.

Kazi ya kikundi

Serikali ikija huuliza: nani anakaa hapa, tangu lini? Mkikosa jibu, mwingine atawajibia, na majina ya wageni yataingia. Kwa hivyo kila kikundi kianze daftari. Andikeni jina la kila nyumba, mume na mke wote wawili, mjane kwa jina lake mwenyewe. Andikeni mwaka walioingia, miti waliyopanda, na makaburi ya wazee yalipo. Hifadhini risiti zote za kodi. Daftari lisomwe mbele ya watu, makosa yasahihishwe, kisha nakala iwekwe mahali pawili. Daftari si hati, lakini atakayekuja kuuliza atawakuta na jibu moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine?
2. Mume akifa leo, mjane ana karatasi gani mkononi?
3. Tukipewa hati, tutakubaliana vipi ili ardhi isiuzwe ovyo?
4. Nani atalitunza daftari, na lini tutaanza?