Kwa Nini Tangi Jipya la Samaki wa Baharini Halina Budi Kungojewa

Samaki wa miamba ya matumbawe atiwapo katika tangi jipya la kioo, aweza kufa katika muda wa siku chache tu. Maji ni maangavu. Chumvi yake ni gramu 35 hivi kwa kila kilo moja ya maji, kama ilivyo baharini. Joto ni sentigredi 26, na pampu yaleta hewa ya kutosha. Kwa macho hakuna kasoro yoyote. Kilichomwua samaki huyo ni taka ya mwili wake mwenyewe.

Sumu Isiyoonekana

Samaki hula protini, na nitrojeni iliyozidi mwilini huitoa hasa kwa njia ya mashavu, ikiwa katika umbo la amonia. Mabaki ya chakula nayo yaozapo hutoa amonia. Baharini amonia hiyo hutawanyika katika maji mengi yasiyo na kifani, lakini ndani ya tangi la lita 100 haina pa kwenda.

Amonia iliyomo majini ina sura mbili. Ya kwanza ni NH4+, ambayo madhara yake ni madogo. Ya pili ni NH3, ambayo hupenya mashavu ya samaki kwa urahisi na kumdhuru. Sura hii ya pili huongezeka karibu mara 10 pH ipandapo kwa 1. Kwa kuwa pH ya maji ya bahari ni 8.1 hivi, kiasi kile kile cha amonia ni cha hatari zaidi humo kuliko katika maji yasiyo ya chumvi yenye pH 7.

Jaribio la Mwaka 1877

Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mrija mrefu uliojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia ilitoka kama ilivyoingia. Kisha ikaanza kutoweka, na mahali pake pakaonekana nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambao huwazuia viumbe hai kufanya kazi, mageuzi hayo yakakoma. Ilidhihirika kuwa mchanga ulikuwa makao tu. Waliofanya kazi walikuwa vijidudu.

Katika miaka ya 1890 na 1891 Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga vijidudu hao, akaonyesha kuwa ni makundi mawili ya bakteria. La kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. La pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo sana:

2NH3 + 3O2 → 2NO2⁻ + 2H+ + 2H2O
2NO2⁻ + O2 → 2NO3⁻

Kuliandaa Tangi

Tangi jipya halina bakteria hawa kwa wingi wa kutosha, nao huzaliana polepole mno. Bakteria wa utumboni aitwaye Escherichia coli aweza kugawanyika kila dakika 20 katika hali njema. Hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ndiyo sababu maandalizi huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Katika muda huo tangi huwa na maji, mchanga, mawe ya chokaa na pampu, bila samaki. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza, kwani huua bakteria. Kisha hutiwa amonia kiasi cha miligramu 2 kwa lita ili iwe chakula chao, na maji hupimwa kila baada ya siku mbili. Amonia itapungua, nitriti itapanda, nayo ishuke, nitrati itaongezeka. Tangi huwa tayari pale ambapo kiasi kile kile cha amonia kikitiwa tena, amonia na nitriti hazionekani baada ya saa 24.

Hapo sehemu kubwa ya maji hubadilishwa ili kupunguza nitrati, na samaki mmoja au wawili hutiwa. Wasitiwe wengi kwa mara moja, kwa maana idadi ya bakteria hulingana na chakula walichozoea. Matumbawe, ambayo huathirika upesi zaidi, hungojea tangi litulie.

Tangi na Bahari

Kwa zaidi ya miaka 100 ilidhaniwa kuwa kazi hii ni ya bakteria peke yao. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa katika tangi la bahari ya kitropiki huko Seattle, Marekani, amepatikana kiumbe mdogo ageuzaye amonia kuwa nitriti, naye ni wa jamii nyingine kabisa, yaani arkea. Aliitwa Nitrosopumilus maritimus, na jamaa zake ni wengi mno baharini.

Shule yenye tangi dogo na dawa za kupimia yaweza kufuatilia mageuzi haya. Wanafunzi wachore grafu moja yenye mistari mitatu, ya amonia, ya nitriti na ya nitrati, na samaki asitiwe mpaka mistari miwili ya kwanza iwe imeshuka hadi sifuri.