Asilimia 31 ya Thailand

Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chanjo ya UKIMWI iliyojaribiwa nchini Thailand ilipunguza maambukizo kwa asilimia 31. Sisi tunaona ni haki ya mwananchi kuonyeshwa jinsi hesabu ile inavyosomwa.

Waliojitolea walizidi 16,000. Nusu walichanjwa, nusu wakadungwa dawa bandia. Baadaye waliambukizwa 51 upande wa chanjo na 74 upande wa pili. Wataalamu wakakadiria kwamba, lau chanjo isingekuwa na nguvu yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingezuka kwa bahati tu kama mara 4 katika 100. Hapo ndipo msomaji huteleza, akadhani kuna uhakika wa asilimia 96 kwamba chanjo inafaa. La hasha! Zile 4 zilipatikana kwa kukubali kwanza kwamba haifai. Haziwezi tena kuwa kipimo cha ukweli wa dhana hiyohiyo.

Lenye faida zaidi ni mipaka ya makadirio: asilimia 1.1 hadi 52.1. Yaani hesabu zilipatana na chanjo iliyo karibu na bure, na vilevile na ile ya kuzuia nusu ya maambukizo. Ile 95 inayotajwa pamoja na mipaka ni sifa ya njia ya kupima, ambayo ikirudiwa mara 100 huunasa ukweli takriban mara 95. Tena, walipojumuishwa watu 7 waliokwisha ambukizwa kabla ya kuchanjwa, mpaka wa chini ulishuka chini ya sifuri.

Chanjo ya namna hiyo, iliyorekebishwa, ilijaribiwa Afrika ya Kusini. Mwaka 2020 ilisimamishwa: walioambukizwa walikuwa 129 kati ya waliochanjwa, na 123 kati ya waliopewa dawa bandia.