Kulinganisha Serikali: Namna Mtahiniwa Anavyoweza Kujiandaa kwa Mtihani

Wanafunzi wa Kidato cha Nne hufanya mtihani wa Taifa mwezi Novemba, na wenzao wa Kidato cha Sita hufanya wa kwao mwezi Mei. Katika masomo kama Uraia na Maarifa ya Jumla, mtahiniwa huweza kukutana na swali linalomtaka alinganishe mfumo wa serikali ya Tanzania na wa nchi nyingine. Swali la namna hii huwapotezea alama hata waliosoma kwa bidii. Mwanafunzi huandika ukurasa mzima kuhusu Tanzania, kisha ukurasa wa pili kuhusu Uingereza, akiamini amelinganisha. Kumbe ameeleza nchi mbili tu, na kazi ya kulinganisha amemwachia msahihishaji.

Swali moja kwa kila nchi

Njia nyepesi ni kuchukua swali moja na kuliuliza kwa kila nchi. Kwa mfano: je, waziri anaweza kuwa mbunge?

Nchini Tanzania, Ibara ya 55 ya Katiba ya mwaka 1977 inaelekeza kwamba mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Ndiyo maana Rais anapotaka kumpa uwaziri mtu asiye mbunge, humteua kwanza kuwa mbunge kwa kutumia nafasi zisizozidi 10 alizopewa na Katiba. Nchini Uingereza pia mawaziri hutoka bungeni, lakini kwa desturi, kwa kuwa nchi hiyo haina katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja.

Nchini Marekani mambo ni kinyume. Katiba inamkataza mjumbe wa Kongresi kushika wadhifa wa serikali kuu kwa wakati huohuo. Seneta anayekubali uwaziri hana budi kukiacha kiti chake. Kenya nayo ilikuwa na mawaziri wabunge hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipotenganisha nyadhifa hizo.

Hatua inayofuata ni kueleza maana ya tofauti hiyo. Waziri aliye mbunge huwajibu wabunge ana kwa ana, na serikali yenye wabunge wengi hupitisha bajeti yake bila shida kubwa. Hata hivyo, waziri huyo ni sehemu ya chombo kinachopaswa kumsimamia. Penye utengano, usimamizi huwa na mipaka iliyo wazi zaidi, ila mvutano nao huwa mkali: Marekani imewahi kufunga baadhi ya ofisi za serikali kwa sababu bajeti haikupitishwa kwa wakati. Mtahiniwa anayefika hapa amelinganisha kwa hakika.

Daftari la safu

Mwanafunzi achore jedwali lenye safu moja kwa kila nchi. Kila mstari uwe swali: mkuu wa nchi hupatikanaje? Nani anaongoza serikali? Anaweza kuondolewaje madarakani? Tanzania humchagua Rais kwa kura za wananchi moja kwa moja. Marekani humpata kwa kura za wajumbe 538, na mshindi huhitaji angalau 270. Uingereza ina Mfalme aliyerithi kiti na Waziri Mkuu anayeongoza serikali.

Kwa kuwa mitihani hiyo huandikwa kwa Kiingereza, ni vema mwanafunzi ajadili hoja na wenzake kwa Kiswahili hadi aielewe, kisha aiandike kwa Kiingereza kwa sentensi zake mwenyewe. Anayekariri maneno asiyoyaelewa hukwama swali linapogeuzwa kidogo.

Somo lililo karibu na nyumbani

Halmashauri yenyewe ni mfano wa kujifunzia. Mwenyekiti wa Halmashauri huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, ilhali Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza la Madiwani. Nchini Kenya, gavana wa kila kaunti kati ya kaunti 47 huchaguliwa na wapigakura moja kwa moja. Swali ni lilelile: aliyeshika utendaji anawajibika kwa nani?

Mikutano ya kawaida ya Baraza hufanyika kila robo mwaka na wananchi huruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Mwanafunzi anaweza kuulizia tarehe kwa Mtendaji wa Kata. Akimwona diwani akimhoji mtendaji kuhusu fedha za zahanati, ataelewa maana ya usimamizi kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuwaachia watahiniwa muda wa kusoma jioni na kuwaruhusu kujisomea kwa vikundi. Jedwali la safu chache, likijazwa kidogo kidogo kila wiki, litakuwa limekamilika kabla ya siku ya mtihani kuwadia.