Jina la chakula si lugha: Funzo kutoka meza ya Wakantoni

Ipo dhana miongoni mwetu sisi wasomi kwamba makao ya lugha ni kitabu, na kwamba walinzi wake ni kamusi, sarufi na mtihani. Dhana hii ina ukweli wake, ila haijakamilika. Kabla lugha haijaingia darasani huwa imekwisha kukaa jikoni na mezani, na mara nyingi huko ndiko hurudi kufia. Anayetaka kujua iwapo lugha fulani ingali hai asiulize tu ina vitabu vingapi. Na aende mahali watu wanapokula, atege sikio, asikie ni kwa lugha gani mtu huomba kuongezwa chai.

Ningependa leo, msomaji mpendwa, tulitazame jambo hili kupitia mlango ambao wengi wetu hatujauzoea, nao ni mkahawa wa Wachina wa kusini, wale wasemao Kikantoni, ambao miji yao mikuu ni Guangzhou na Hong Kong. Watu hawa wana ada ya kwenda mkahawani asubuhi, hasa siku ya Jumapili, jamaa nzima kuanzia nyanya hadi mjukuu, wakaketi kuizunguka meza ya duara. Ada yenyewe huitwa yamcha, yaani kunywa chai. Vyakula vidogo vidogo vinavyoandamana na chai hiyo ndivyo viitwavyo dimsamu. Waingereza huandika "dim sum", lakini Mkantoni mwenyewe hutamka "sam", kwa hivyo tahajia yetu i karibu zaidi na kinywa chake. Neno hili lina sehemu mbili: ya kwanza hubeba maana ya kutia nukta au kugusa, na ya pili ni moyo. Ndiyo maana wengi hulifasiri kuwa ni chakula cha kugusa moyo. Si mlo wa kujaza tumbo bali kionjo cha kuliliwaza.

Neno la kwanza ambalo Mswahili atalitambua katika meza hiyo ni "cha". Waama, wala si sadfa. Wachina wengi, Wakantoni wakiwamo, huliita jani hili "cha". Wale wa pwani ya Fujian huliita "te". Waholanzi walichukua "te" wakaieneza Ulaya magharibi, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza. Wareno, waliokuwa na kituo chao Macau, walichukua "cha". Katika lugha ya Kiajemi "cha" iliongezwa mkia ikawa "chai", ikaenea Bara Hindi na kwingineko, na hatimaye ikatua katika vikombe vyetu. Kila asubuhi, basi, Mkenya anywaye chai ya maziwa au turungi hutamka neno la Kichina lililopitia vinywa vya mataifa kadha.

Katika mkahawa wa jadi wa yamcha mlaji hakai kusoma orodha ya vyakula. Wahudumu, aghalabu wanawake wa makamo, husukuma vitoroli vilivyorundikwa vijikapu vya mwanzi vinavyofuka mvuke, wakapita baina ya meza na kunadi walichobeba: hagau! siumai! chasiubau! Hagau ni kamba wa baharini waliofungwa ndani ya ngozi ya wanga, nyembamba hata rangi ya kamba huonekana kwa nje. Siumai ni nyama ya nguruwe iliyochanganywa na kamba, ikatiwa katika kikombe cha unga kilicho wazi juu. Chasiubau ni andazi jeupe la mvuke lililojazwa nyama tamu ya nguruwe iliyochomwa. Upo pia wali wa kunata uliofungwa katika jani la yungiyungi, na ipo miguu ya kuku, ambayo Wakantoni wameipandisha cheo wakaiita makucha ya feniksi, yule ndege wa hekaya.

Mlaji humsimamisha mwenye kitoroli, akamwuliza kilichomo, akafunuliwa kifuniko akachungulia, akakataa hiki na kuchukua kile. Mhudumu naye hupiga muhuri katika kadi iliyo mezani, na mwishoni hesabu hufanywa kwa mihuri hiyo, kulingana na daraja ya kila kijikapu. Birika likiisha maji, mlaji huacha kifuniko wazi, na mhudumu hujua la kufanya. Anayemiminiwa chai hakatizi mazungumzo ili ashukuru. Hugonga meza kwa ncha za vidole viwili. Hekaya inasimulia kwamba mfalme Qianlong wa karne ya 18 alitembea akiwa amejigeuza raia wa kawaida, na alipommiminia mtumishi wake chai, mtumishi hakuweza kupiga magoti pasipo kumfichua bwana wake, basi akavipigisha vidole magoti kwa niaba yake. Hata wanapoagana njiani, Wakantoni huambiana, "Ukipata nafasi, tunywe chai," wala hapana anayetoa kalenda kuandika siku, kama vile sisi tunavyosema "karibu chai" hata pale birika lilipo tupu.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa kuwa yote ni lugha. Kunadi, kuuliza, kukataa, kushukuru, kuagana: haya ndiyo matendo ambayo lugha iliumbwa kuyatenda. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilipata kuketi mara kadha katika mikahawa ya mtaa wa Wachina jijini London, na kilichonishughulisha zaidi kuliko kamba na maandazi ni watoto. Walikuwa wakizungumza Kiingereza baina yao, Kiingereza cha London kisicho na doa. Lakini kitoroli kilipowadia, nyanya alimgusa mjukuu bega, na mjukuu akalazimika kuagiza kwa Kikantoni. Lugha hiyo ina toni sita. Kununua na kuuza ni silabi moja, "mai", na kinachozitenga maana hizo mbili ni mpando na mshuko wa sauti pekee. Isitoshe, mtu hawezi kusema "hagau mbili" akaishia hapo. Sharti ataje kwanza neno la kuhesabia, kikapu au sahani, kama vile sisi tusivyoweza kuhesabu kitu pasipo kujua ngeli yake. Mtoto alikosea, mhudumu akacheka akamsahihisha, mtoto akarudia, akapewa kijikapu. Somo lilikwisha kabla chakula hakijapoa, wala hakuna aliyeliita somo.

Sasa vitoroli hivyo vinaadimika. Hong Kong kwenyewe, mikahawa mingi imevitupa na kumpa mlaji karatasi atie alama penye chakula anachokitaka, na siku hizi hata karatasi imeanza kuondoka, mlaji akaelekeza simu yake kwenye alama iliyobandikwa mezani. Lin Heung, mkahawa mkongwe uliosifika kwa wateja wake kuvikimbilia vitoroli na kadi mikononi, ulifunga milango mwaka 2022, ingawa ulifunguliwa tena mwaka 2024. Haki inatudai tukiri kwamba wenye mikahawa wana hoja. Chakula kinachozungushwa nusu saa hupoa, ilhali kinachopikwa baada ya kuagizwa hufika kikiwa moto. Kitoroli chahitaji nafasi baina ya meza, na nafasi katika mji kama ule ni ghali. Watu wa kuvisukuma nao wahitaji mishahara. Kwa ulimi, huenda mabadiliko haya ni faida.

Kwa lugha, je? Yule mtoto wa London aliweza kusema "hagau", lakini hawezi kuisoma kwa maandishi ya Kichina. Alikuwa na lugha ya sikio pekee. Mbele ya karatasi au simu atatafuta maandishi ya Kiingereza, atie alama, anyamaze, na chakula kitamfikia vile vile. Hatakosea, na kwa kuwa hatakosea hakuna atakayemsahihisha. Nyanya hatakuwa na sababu ya kumgusa bega.

Wapo watakaosema kwamba ninalilia kitoroli bure, maana Kikantoni si lugha ya wanyonge. Ni kweli kwamba katika sensa ya mwaka 2021 karibu watu tisa kati ya kumi mjini Hong Kong walikitaja kuwa ndiyo lugha yao ya kawaida. Hata hivyo, upande wa bara mambo ni tofauti. Sheria iliyoanza kutumika nchini Uchina tarehe 1 Januari, 2001 iliipa Putonghua, yaani Kimandarini sanifu, nafasi ya mbele katika shule, ofisi na utangazaji. Mnamo Julai 2010, mji wa Guangzhou ulipokuwa ukijiandaa kwa Michezo ya Asia, palitolewa pendekezo kwamba idhaa kuu za televisheni ya mji ziache Kikantoni na kutangaza kwa Putonghua. Wakazi walikusanyika barabarani kupinga, jambo lisilo la kawaida katika nchi ile. Watu wale walikuwa na mikahawa yao, na majina yote ya dimsamu vinywani. Walifahamu kwamba hayo hayatoshi.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jina la chakula ni gumu kufa. Siumai imefika Indonesia ikaitwa "siomay", huliwa kwa mchuzi wa njugu, na mamilioni wanaitaja bila kujua neno jingine lolote la Kichina. Japani wanayo kwa jina la "shumai". Wakantoni nao walitwaa neno la Kiingereza "tart", wakalifanya "tat", na leo kitobosha cha mayai kiitwacho dantati hakikosekani katika meza ya yamcha. Majina husafiri, hubadili mavazi, hupata uraia mpya. Lakini Mwindonesia anayesema "siomay" hasemi Kichina, kama vile Mkenya anayesema "chai" asivyosema Kichina. Jina huweza kuishi katika kinywa chochote. Lugha huishi tu pale ambapo watu wawili wanahitajiana kwayo, mmoja anauliza na mwingine hana budi kujibu.

Tuirejeshe hoja nyumbani, walimu wenzangu. Ingia katika hoteli yoyote ya hadhi jijini Nairobi, au hata Mombasa kwenyewe. Katika orodha ya vyakula utayakuta majina yetu yakiwa yamekaa kwa fahari: samaki wa kupaka, mahamri na mbaazi, githeri, ugali na sukuma wiki. Maelezo yanayoyazunguka ni ya Kiingereza. Mhudumu atakusalimu kwa Kiingereza, utaagiza kwa Kiingereza, na mkishindwa kuelewana mtasaidiana kwa Kiingereza. Kiswahili kimebakishiwa sahani. Kisha watu wawili hao, mhudumu na mlaji, wakikutana nje kwenye kituo cha matatu, watazungumza Kiswahili bila taabu. Si kwamba hawakijui. Wamekubaliana tu, pasipo kuandikiana mkataba, kwamba mezani si mahali pake. Haya yanatendeka katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba shuleni tunalifundisha somo hili hili. Wanafunzi wetu wa shule za upili husoma sajili ya hotelini katika isimujamii. Hukariri kwamba sajili hiyo ina sentensi fupi, msamiati wa vyakula na lugha ya adabu, na kila mmoja anaujua ule mfano wa mhudumu anayeuliza "Nani kuku?" na mteja akajibu "Mimi ni kuku." Hucheka, huandika, hupata alama. Lakini mwambie mwanafunzi huyo huyo aagize chakula kwa Kiswahili mbele ya mhudumu aliyevaa tai, aulize namna samaki alivyopikwa, akatae kwa adabu kilicholetwa kimepoa, aombe hesabu yake. Utamwona akitafuta maneno kama atafutaye sarafu mifukoni. Ana sifa za sajili, hana sajili.

Sipendekezi kwamba tuwafungie watu wa Nairobi Kiingereza, wala sidhani kwamba mkahawa utachukua nafasi ya kitabu. Watu wa Guangzhou walipigania televisheni pia, na walikuwa na haki. Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana Jumatatu hii. Mwalimu na alipeleke darasa lake kwenye kibanda cha chakula kilicho karibu na shule, kwa makubaliano na mwenye kibanda, na kila mwanafunzi aagize, aulize, asahihishwe. Anayesoma chuoni na asalimu kwa Kiswahili kila anapoketi mkahawani, aone ni wahudumu wangapi watakaoitikia kwa furaha. Wenye hoteli nao waeleze kwa Kiswahili angalau vile vyakula ambavyo majina yake tayari ni ya Kiswahili.

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Lugha isiyokuwepo mezani haitaulizwa inataka nini, hata ikiwa jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa katika Katiba na katika ratiba ya mtihani. Wakantoni wanapoteza kitoroli kwa sababu za gharama na nafasi, na wengine wao wanalalamika. Sisi meza yetu hakuna aliyetunyang'anya. Tumeiacha wenyewe, na bado tunaweza kuirudia.