Pamba inapimwa, bibi je?

Na Mwandishi Wetu

NKOLOLO, wilayani Bariadi, msimu wa pamba ukifika hakuna mkulima anayekubali kudhulumiwa hata kilo moja. Mtu anaikodolea macho mizani mpaka itulie! Sasa muulize huyo huyo: bibi yako ana kilo ngapi? Kimya. Akijitahidi sana atakwambia, "Bibi kakonda, si uzee tu!"

Msomaji, hapo ndipo tunapopotea. Uzee unaleta mvi na kupinda mgongo. Kukonda kila mwezi ni dalili, na dalili ina sababu yake.

Watoto wana bahati. Kliniki wanapimwa, wana kadi zao. Wazee je? Hata kwenye makazi ya wazee ya serikali, kama Kolandoto kule Shinyanga au Bukumbi mkoani Mwanza, sahani kujaa si ushahidi kwamba mzee kala. Meno hayapo, mkono unatetemeka, mwenzake wa chumba kafariki, hamu kwisha. Sahani inarudi jikoni vile vile.

NJAA NA MKONO

Jambo hili lilishapimwa humu humu nchini. Wakimbizi wa Rwanda walipokuwa Karagwe miaka ya 1990, watafiti Pieterse, Manandhar na Ismail waliwapima wazee zaidi ya 800, wakawapa na kifaa wakibane kwa kiganja. Waliokonda sana ndio waliokuwa na mkono dhaifu. Si mchezo! Mkono dhaifu haubebi ndoo wala hausongi ugali. Njaa inazaa udhaifu, na udhaifu unazaa njaa nyingine.

PIMA HIVI

Kwanza mizani. Mpime mara moja kwa mwezi, mizani ile ile, nguo nyepesi, na uandike. Bibi wa kilo 50 akishuka hadi 45 ndani ya miezi 6, kapoteza asilimia 10. Huyo mpeleke kwa daktari. Angalizo: akivimba miguu mizani inadanganya, unapima maji.

Huna mizani? Azima tepu ya fundi cherehani, zungusha kwenye shavu la mguu, pale penye unene zaidi. Chini ya sentimeta 31 ni onyo. Ule utepe wa rangi wa kliniki achana nao. Rangi zake zimepangwa kwa watoto wadogo.

Kisha uliza: kwa miezi 3 hii anakula chini ya zamani? Nguo zinampwaya? Kaugua, au kafiwa? Na kutembea je, anatoka nje mwenyewe? Majibu hayo mpelekee mganga pamoja na kilo zako.

SAHANI YAKE

Michembe chemsha mpaka ilainike kabisa. Uji wa mtama tia karanga za kusaga na maziwa. Dagaa watwange. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, na ukae naye. Anayekula peke yake huacha mapema.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Wa kwako keshafika? Basi msimu wa pamba ukiisha, lile daftari la kilo usilifunge. Fungua ukurasa mpya, juu andika: BIBI.